Joto la Arobaini

Mbuchi,
14 Januari 2025

Shangazi yangu Mwanamkuu,

Shikamoo, shikamoo tena kwa ajili ya goti lako, maana nimesikia linakusumbua. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Yussuf mzima, mama mkwe wangu Bi Salama mzima ila macho yanapungua, anatia chumvi mara mbili kisha anatugombeza sisi kwamba mboga chungu. Wifi yangu Zena kaposwa, basi hapiti kwenye kioo bila kusimama. Mpunga tumeupanda, nguruwe nao wameshaanza kuupenda.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yetu siku hizi inasema kwa spika tu. Ukipiga, nyumba nzima inasikia mpaka jirani anaitikia salamu. Jambo langu si la kuitikiwa na jirani. Bushiri wa boti ya mashine kaniahidi atakufikishia mkononi.

Shangazi, nina mimba ya miezi sita.

Nilichelewa kukwambia kwa sababu niliogopa kulisema, nikaona nikilisema litaharibika. Lakini sasa linacheza tumboni, tena kwa fujo, Yussuf anaweka kiganja anacheka peke yake. Mimi nafurahi, wallahi nafurahi. Ila furaha yenyewe haifiki mwisho, kwa sababu ya Iman.

Najua hupendi nimtaje. Lakini nitamtaja kwa nani mwingine? Ulikuwapo. Wewe ndiye somo yangu, uliyenifunda nilipovunja ungo, na wewe ndiye uliyekuja kunilea uzazi. Siku ya kumi na nane nikamlalia Iman mwanangu, akafa. Hapa hakuna anayenisema usoni. Ila nikipakata mtoto wa mtu, macho ya mama yake yananifuata mpaka nimrudishe.

Sasa nimejifunza kulala bila kugeuka. Usinicheke. Naweka mto ubavuni, asubuhi naangalia kama uko palepale. Siku ishirini na mbili sasa mto haujasogea hata kidole.

Njoo unilee tena, Shangazi. Ukiwa chumbani nitapata usingizi.

Wako,
Warda

*

Kibiti,
9 Februari 2025

Mwanangu Warda,

Marahaba, na Mungu akutulizie hilo tumbo. Barua yako imenikuta nimekaa, nikabaki nimekaa mpaka adhuhuri. Msalimie Yussuf, mwambie asikuachie kubeba maji. Msalimie sana Bi Salama. Zena mwambie kioo hakiishi.

Huku mimi nipo. Goti ndilo hilo, nikipanda ngazi moja napumzika mbili. Biashara ya mkaa nimeiacha. Nauza nazi sasa na vitumbua asubuhi. Watu wananiuliza mbona nimeacha mkaa na barabara ndiyo hii, magari yanasimama yenyewe. Nawaambia nimechoka na masizi.

Nimefurahi kwa mimba yako. Kuja sitaweza. Boti na goti hili havipatani, nitakuwa mzigo badala ya msaada. Bi Salama anajua kazi yake, atakukanda vizuri.

Ila nakuomba kitu kimoja. Ukijifungua, msiingize jiko la mkaa chumbani. Hospitali siku hizi hawalitaki. Ukisikia baridi jifunike, vaa soksi, kunywa uji wa pilipili manga. Na dirisha mliache wazi hata kidogo.

Hilo la mto liache, mwanangu. Lala unavyolala.

Shangazi yako,
Mwanamkuu

*

Mbuchi,
20 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ramadhani imetukuta na mvua, tunafuturu mihogo huku bati linapigwa juu hatusikilizani. Mimi sifungi kwa hali yangu, lakini naona haya kula mbele ya watu, basi nakula jikoni kama mwizi na Zena ananilindia mlango.

Barua yako niliisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama mkwe lile la jiko. Nimejuta. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

"Nani kasema?"

"Shangazi, mama. Anasema hospitali hawataki."

"Shangazi yako huyuhuyu? Aliyekuja hapa na jiko lake la udongo kichwani, akasema la kwetu halihifadhi joto?"

"Ndiyo yeye."

"Kibiti kuna shule gani hiyo inayomsahaulisha mtu alikozaliwa? Mimi nimezaa saba, nimelala juu ya moto mara saba. Mama yangu hivyohivyo. Mzazi mwili wake uko wazi kila mahali, upepo ukimwingia anavimba, anapayuka, anakufa. Mwambie shangazi yako auze vitumbua."

Zena akacheka, mama akamrushia ungo.

Sasa nisaidie. Mama si mtu mbaya, Shangazi, unamjua. Hata kuni zangu anapasua yeye siku hizi, anasema nisiiname. Lakini hataki kuambiwa "hospitali" tu. Na mimi mwenyewe nakumbuka ulilitia jiko chini ya kitanda changu kwa mkono wako, ukaziba dirisha kwa gunia, ukanambia joto ndilo linalorudisha mifupa. Kwa nini leo ni baya? Nipe sababu niwe na la kumjibu.

Imebaki kama mwezi mmoja. Mto bado uko palepale.

Warda

*

Kibiti,
6 Aprili 2025

Warda mwanangu,

Iddi imepita na mvua zake, ila mkono wa Iddi haupiti. Nakuletea kwa Bushiri kanga doti moja, mafuta ya mtoto, na kofia ya sufu niliyofuma mwenyewe. Nimekosea sikio moja, lakini mtoto hatajua.

Umeuliza sababu. Sababu zipo, mambo mengi, barua haitoshi. Nitakueleza tukionana. Mwambie Bi Salama kwamba mimi ndiye ninayemwomba, si hospitali. Nimemwomba kama dada yangu.

Kama hataki kabisa, basi lisiwe chini ya kitanda. Liwekeni mbali nawe, hata kule mlangoni.

Nakuombea kila sala.

Mwanamkuu

*

Mbuchi,
4 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianze na la heri au la shari, yamekuja mlango mmoja.

La heri, nimejifungua tarehe 21 Aprili, mtoto wa kiume, saa nne asubuhi, salama. Jina lake Saidy. Ana nywele mpaka mabegani na kofia yako inamtosha na sikio lake. Akinyonya anafinya kidole changu kama mtu anayedai kitu.

La shari, mama mkwe wangu Bi Salama kafariki juzi Ijumaa. Tumemzika jana. Mimi ni mzazi, sikutoka, nimesikia dua nikiwa ndani.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utauliza.

Mama alilikubali neno lako nusu. Alisema, "Basi kwa ajili ya Mwanamkuu nitalitoa chini ya kitanda. Nitalala nalo mimi hapa mlangoni, nyie joto litawafika." Akatandika mkeka wake, akaliweka jiko karibu na kichwa chake. Siku za mwanzo hapakuwa na neno. Mvua zilikuwa zinakatika na mlango ulikuwa unafunguliwa kila saa, watu wanaingia kumwona mtoto.

Ijumaa mvua haikukatika. Upepo ulikuwa unatoka mtoni moja kwa moja, unaingiza maji dirishani. Zena akapigilia turubai nje, mama akasokota kanga akaziba chini ya mlango. Akatia mkaa mwingi, akalala baada ya sala ya adhuhuri. Yussuf alikuwa shambani, kule kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia mpunga.

Mimi kichwa kilianza kuniuma hapa kwenye paji. Nikasema ni uchovu wa uzazi. Kisha kichefuchefu. Mtoto alikuwa kalala sana, nampa ziwa hashiki. Nikasema nimpeleke kwa Zena ukumbini, amwoshe pengine ataamka. Niliposimama miguu haikuwa yangu. Nilikwenda kwa kuushika ukuta, nikaanguka juu ya mlango, mlango ukafunguka kwa uzito wangu. Zena kanikuta nimelala nusu ndani nusu nje, mtoto kifuani. Kanivuta. Nikatapika. Mtoto kakaa kidogo kwenye ule upepo, akapiga chafya, akalia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Mama alikuwa anakoroma. Zena akasema, "Nimwamshe?" Nikasema mwache, kakesha na mimi siku zote hizi. Tukamrudishia mlango asipigwe na baridi.

Alasiri ilipofika Zena akaenda kumwamsha aswali. Hakuamka.

Wanawake waliomwosha wanasema kafa vizuri. Uso umenawiri, midomo na viganja vyekundu kama msichana aliyetia hina. Watu wanasema presha. Wengine hawasemi, lakini nawasikia wakinyamaza ninapopita na mtoto. Iman, sasa mama. Yussuf nguo kachana lakini mimi hajanambia neno baya.

Bi Mwantumu, mdogo wake mama, kaja kunilea zilizobaki. Mtu mwema, ila anasema dada yake kafa kwa kulala kwenye baridi ya sakafu. Jiko kalirudisha chini ya kitanda changu.

Kichwa bado kinauma. Utakuja msibani?

Warda

*

Kibiti,
9 Mei 2025

Warda,

Barua yako kaniletea Bushiri jana saa tano. Sikumaliza kuisoma, nikapiga simu. Ninyi wote mmenisikia: toeni jiko nje, sasa hivi, fungueni kila kitu. Bi Mwantumu akaniuliza kuna nini, nikasema toeni, mtandao ukakata. Yussuf baadaye kaniletea ujumbe kwamba limetoka. Alhamdulillahi. Lisirudi. Lisirudi hata akija nani.

Poleni kwa Bi Salama. Pole haina maana ikitoka kwangu, utaona.

Sasa nakupa ile sababu.

Mwezi wa Disemba jirani yangu Shamsia, anayekaanga maandazi, aliingiza jiko ndani kwa mvua, akafunga mlango, akalala na mwanawe. Tulivunja mlango, tukawapeleka zahanati. Kuna mganga kijana pale anaitwa Kheri. Akawawekea hewa ya mtungi, walipopumua vizuri akatugeukia sisi tuliowaleta, mimi na masizi yangu mikononi. Akauliza, "Mkaa ulikuwa na moshi?" Nikasema hapana, ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, safi. Akasema, "Mama, huo msafi ndio unaoua."

Akatueleza polepole kama watoto. Mkaa ukiungua mahali hewa ni chache unatoa gesi, jina lake kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho, haimkohozi mtu. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa hewa njema, na ikishakaa haitoki upesi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, usingizi unakuja mtamu. Mtu analala. Mtoto mchanga anatangulia, kwa sababu anapumua haraka kuliko sisi. Shemeji yake Shamsia akauliza, "Sasa Mungu kaiumba ya nini?" Kheri akasema kiwandani ina kazi, inasaidia kutoa chuma kwenye mawe, na huko wanailinda kwa mitambo inayopiga kelele ikivuja. "Chumbani kwenu nani atapiga kelele?"

Kisha akasema aliyekufa kwa gesi hiyo mara nyingine hawi na rangi ya maiti. Midomo inakuwa myekundu.

Nikatoka nje nikakaa chini kwenye tope.

Warda, mwanangu. Iman midomo yake ilikuwa myekundu. Wewe hukuiona, ulikuwa hujitambui, tulikumwagia maji mara tatu. Niliiona mimi na Bi Salama, tuliomwosha. Mimi ndiye niliyeziba dirisha kwa gunia, unakumbuka, umeandika mwenyewe. Lililobaki hulikumbuka kwa sababu ulikuwa umelala. Kichwa kilinigonga. Nikaona chumba kizito, nikatoka kwenda kujinyoosha ukumbini, nikapata nafuu. Nikawaacha nyie ndani. Niliporudi alfajiri mtoto alikuwa kwapani mwako. Bi Salama akauliza, "Kafanyaje?" Neno "kalaliwa" lilitoka kinywani mwangu. Kwangu kwanza. Sikusema kwa uovu. Niliona mtoto, nikaona mkono wako juu yake, nikasema nilichokiona. Lakini nililisema, na likakaa.

Hukumlalia mwanao. Hukumgusa kwa ubaya hata kidogo. Ulikuwa unakufa naye.

Nimelijua hili tangu Disemba. Ulipoandika habari za mto nilitaka kukwambia, kalamu ikaandika nazi na vitumbua. Nilifikiri nikikukataza jiko tu, mtoto atapona na siri itakaa. Kisha nikaandika "hata kule mlangoni". Bi Salama kalala mlangoni.

Kheri anasema wewe na Saidy mje hospitali kupimwa, msingoje arobaini ziishe.

Sina la kuomba.

Mwanamkuu

*

Mbuchi,
2 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Zena harusi yake imesogezwa mpaka baada ya mavuno. Yussuf kakonda. Mpunga umeinama, ndege wengi.

Tulikuja Kibiti tarehe ishirini mwezi uliopita, nilivunja arobaini. Tulipita mbele ya nyumba yako. Mlango ulikuwa wazi na sufuria ya vitumbua ilikuwa nje. Yussuf akanitazama, nikamwambia twende. Sikuwa na hasira, nilikuwa sina miguu ya kuingia.

Hospitali wamempima Saidy. Ananyonya, anashika, anafuata taa kwa macho. Lakini daktari anasema ubongo wa mtoto hauonyeshi yote mapema. Turudi akifika miezi mitatu, na sita, na mwaka, waone kama anakaa, kama anaitika. Basi mimi kila siku namwita kwanza, kabla sijamwosha. Akigeuka nacheka, asipogeuka nasema kashiba.

Barua yako niliisoma peke yangu mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, na Mungu anisamehe, kwa sababu ya lile neno kwamba sikumlalia. Miaka miwili nimeogopa mikono yangu mwenyewe. Mara ya pili nilihesabu miezi. Disemba, Januari, Februari, Machi, Aprili. Ungeandika ukurasa ule mwezi wowote kati ya hiyo, Bi Salama angekuwa anatutilia chumvi mara mbili. Nilikuchukia, Shangazi. Nakwambia kweli kwa sababu sasa tumeanza kuambiana kweli.

Mara ya tatu nikafika mahali pa wewe kutoka chumbani ukapata nafuu, ukatuacha ndani. Nikaiweka barua chini. Maana na mimi nilitoka nikapata nafuu. Alikuwa anakoroma, Shangazi. Alikuwa hai. Zena kauliza nimwamshe, nikasema mwache. Zena kaushika mlango, mimi ndiye niliyemwambia aurudishe. Nilimpenda mama yule, na kwa kumpenda nikamfungia.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nikaona jinsi lilivyo jepesi kukaa nalo. Hakuna aliyekuwa ananiuliza. Zena mwenyewe hajui maana yake. Ningeweza kulinyamazia mpaka nizeeke, nami nikauze nazi.

Siku ya tatu nikamsomea Yussuf barua yote, mpaka la mlangoni. Kisha nikamwambia la kwangu. Nilisema, "Mlango ule ni mimi." Akatoka. Nikafikiri kaenda kuita wazee wanirudishe kwetu. Nikamfunga Saidy mgongoni, nikaanza kukunja nguo zake. Nikasikia ukuta unagongwa. Yussuf alikuwa kashika panga, anaukata udongo juu ya kitanda, chini ya paa, anavunja na fito. Bi Mwantumu anapiga kelele, "Umerukwa na akili? Mvua itaingia!" Yeye anakata. Alipoliona tundu ni kubwa la kutosha akaingia ndani, vumbi mwili mzima, akakaa kitandani, akalia kwa sauti. Nikamkalia karibu. Nguo sikuzikunja tena.

Hajanambia kanisamehe. Anampakata mtoto.

Sasa sikiliza. Jumatano ijayo, tarehe kumi na moja, ni hitma ya arobaini ya mama. Mbuchi yote watakuwapo, na wanawake wenye mimba najua watatu. Nimeomba nafasi upande wa wanawake, baada ya dua. Nitasimama niseme la mkaa, jina la gesi na dalili zake zote, na nitasema nilirudisha mlango kwa mama yangu anayepumua. Kisha utasimama wewe, useme la dirisha, na la ukumbini, na nani aliyesema kalaliwa.

Goti usinitajie. Bushiri atakubeba kutoka chomboni, nimeshamwambia.

Usipokuja sitaisoma barua yako mbele za watu. Ni yako. Lakini watu watabaki wanaamini nilimlalia Iman, kwa sababu mimi nikisema watasema najitetea. Kuna mtu mmoja tu aliyeiona midomo yake na angali hai.

Mwanao,
Warda